Nani Atasoma Matusi Yetu kwa Kiswahili? Barua ya Wazi kwa CAF, FIFA, TFF, FKF, FUFA na Wenye Mitandao

Kwa Rais wa Shirikisho la Soka la Afrika (CAF), Rais wa FIFA, marais wa mashirikisho ya soka ya Tanzania (TFF), Kenya (FKF) na Uganda (FUFA), na wakuu wa kampuni zinazomiliki Facebook, Instagram, X na TikTok.

YAH: MATUSI YA RANGI MITANDAONI DHIDI YA WACHEZAJI NA WANAMUZIKI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa ukurasa wa mashabiki wa soka hapa Dar es Salaam, kazi isiyo na mshahara wala ofisi, inayofanywa kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka, nikiwa kwenye daladala, nikiwa dukani, na mara nyingi nikiwa kitandani wakati wenzangu wamelala. Sina cheo cha kunipa ujasiri wa kuwaandikia watu wa hadhi yenu, ila nina jambo moja ambalo nina wasiwasi kwamba ninyi hamna: nimeyasoma maoni yenyewe, moja baada ya jingine, kwa lugha yaliyoandikwa.

Msimu mmoja uliopita, mshambuliaji wa kigeni wa mojawapo ya klabu za ligi yetu alikosa penalti dakika za mwisho. Simtaji yeye wala klabu yake, kwa kuwa hakuniomba nimsemee. Saa nne usiku nilifungua akaunti yake nikakuta watu wameshaivamia picha aliyoiweka siku 3 kabla ya mechi, picha isiyohusiana na mpira hata kidogo: amembeba binti yake mgongoni, na mtoto ameshika aiskrimu inayomdondokea baba yake shingoni. Chini ya picha hiyo ulikuwa msururu wa nyani. Nyani watatu, nyani kumi, nyani na ndizi. Mmoja aliandika kwamba mkaa hauna kazi mpaka uwashwe. Mwingine alimwambia arudi kambini, kwa sababu anatoka nchi ambayo watu wake wengi tuliwapokea kama wakimbizi. Na mwingine, huyu ndiye aliyeninyima usingizi, aliuliza kama yule mdogo naye ameshaanza kupanda miti.

Niliripoti maoni 19. Majibu yalianza kuja baada ya siku 2, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari, yakinieleza kwamba maoni hayo yamekaguliwa na hayakiuki miongozo ya jamii. Nilipata jibu hilo mara 17. Mawili yaliyosalia yalitoweka, na sijui kama ni mtandao ulioyafuta au ni waandishi wenyewe walioingiwa na haya kulipopambazuka. Wiki hiyo hiyo, mtandao huo huo, ambao sitautaja, ulifuta chapisho la ukurasa wetu lililosema “Mnyama anachinja leo, leteni visu”, ukatupa onyo la kuchochea vurugu.

Kwa wale kati yenu wasioijua ligi yetu, Mnyama ni klabu ya Simba. Mashabiki wa Simba hujiita hivyo kwa majivuno, kama mashabiki wa Yanga wanavyojiita Wananchi. Watani wao huwaita Makolo, nao hujibu kwa kuwaita wenzao Utopolo au Vyura, na Jumatatu wote wanakutana kazini wakiwa wazima. Bara letu zima limevaa wanyama jezini: Senegal ni Simba wa Teranga, Kodivaa ni Tembo, Kongo ni Chui, Uganda ni Korongo. Ukurasa wowote wa soka la Afrika siku ya mechi ni mbuga ya wanyama, na anayeusoma bila kuijua lugha hawezi kutofautisha mnyama wa sifa na mnyama wa tusi. Mashine iliyofundishwa neno “nyani” itafuta methali ya nyani haoni kundule, ambayo bibi yangu aliitumia karibu kila siku, na itamwacha yule aliyemuuliza mchezaji kama likizo yake ataimalizia Gombe. Hakuna tusi hata moja ndani ya swali hilo. Ila kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua kwamba Gombe, kule Kigoma, ndiko waliko sokwe mtu.

Hii ndiyo haja yangu kwenu. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na tangu uamuzi huo utangazwe Cairo mwezi Septemba 2023 tumekuwa tukielezwa habari za viwanja, vya Arusha, vya Nairobi, vya Hoima: idadi ya viti, mwanga wa taa, upana wa barabara, vyumba vya hoteli. Sijaona popote palipoandikwa ni nani atakayekaa macho usiku akisoma Kiswahili.

Najua mtaniambia kwamba tatizo hili linajulikana na linashughulikiwa. Linajulikana, ndiyo. Tarehe 11 Julai 2021 Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka wa England walikosa penalti katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya pale Wembley, na kabla hawajafika vyumba vya kubadilishia nguo simu zao zilikuwa zimeshajaa nyani. Twitter, kama ilivyoitwa wakati huo, ilieleza kwamba iliondoa machapisho 1,622 wakati wa fainali na katika saa 24 zilizofuata. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alikiri kwamba mfumo wao ulikosea na kuyahesabu baadhi ya maoni hayo kuwa hayana ubaya. Waheshimiwa, hiyo ilikuwa England, klabu na shirikisho vikiwa na wanasheria wa kutosha, waziri mkuu akizungumza, na lugha ikiwa Kiingereza, lugha ya kazi ya wenye mitandao wenyewe. Miezi michache tu kabla ya hapo, kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 3 Mei, soka zima la Uingereza lilikuwa limenyamaza mitandaoni kwa siku 4 kupinga jambo hilo hilo. Ikiwa macho ya dunia nzima hayakutosha kuwafanya mwone nyani aliyeandikwa kwa Kiingereza, mimi wa Temeke nina sababu ya kuuliza mtamwona vipi yule wa Kiswahili.

Wala msije mkadhani kwamba tukiwa wenyewe kwa wenyewe tumepona. CAF inakumbuka San-Pédro, Kodivaa, tarehe 21 Januari 2024, Morocco na Kongo zilipotoka sare ya bao 1 kwa 1. Baada ya filimbi ya mwisho palitokea majibizano kati ya nahodha wa Kongo, Chancel Mbemba, na kocha wa Morocco, Walid Regragui, na uwanja ukachafuka. Yaliyosemwa kati yao yalipitia kamati zenu na si mada yangu. Ninachozungumzia ni yaliyofuata kwenye akaunti ya Mbemba usiku ule, ambako alimiminiwa nyani kwa wingi usiohesabika. Ilikuwa mechi ya Waafrika na Waafrika, katika ardhi ya Afrika, katika mashindano yenu wenyewe. Marseille, klabu yake ya wakati huo, ililaani hadharani. Basi mchezaji wa timu ya taifa anayecheza ligi ya ndani, ambaye klabu yake haina hata mtu wa mawasiliano, ni nani atakayelaani kwa niaba yake?

Kuna upande wa pili wa jambo hili, nao unawahusu wale wenye majina. Shabiki wa kawaida hutukana akiwa na wafuasi 200. Nyota hutukana akiwa na mamilioni, na akikohoa yeye, kurasa zetu ndizo zinazopata mafua. Tarehe 14 Julai 2024, Argentina ilipotoka kuifunga Colombia katika fainali ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, Enzo Fernández alikuwa akirusha mubashara kwenye Instagram yake kutoka ndani ya basi la timu, na wachezaji wakasikika wakiimba kuwakejeli wachezaji wa Ufaransa wenye asili ya Afrika, kana kwamba baba na mama waliozaliwa Afrika ni doa la kufuliwa. Wesley Fofana, aliyekuwa akicheza naye Chelsea, aliuita ubaguzi usio na soni. Shirikisho la Ufaransa lililalamika FIFA. Fernández aliomba radhi, klabu yake ikaanzisha taratibu za nidhamu, kisha ikaridhika na radhi hiyo. Huko Buenos Aires, aliyepoteza kazi ni Julio Garro, ofisa wa serikali aliyesimamia michezo, kwa kosa la kusema kwamba nahodha wa Argentina na rais wa shirikisho lake wanapaswa kuomba radhi. Nimelisoma hilo mara tatu nikidhani nimekosea.

Linganisheni na Edinson Cavani, mshambuliaji wa Uruguay aliyekuwa Manchester United. Mwezi Novemba 2020 alimjibu rafiki aliyempongeza kwa mabao, kwa maneno mawili ya Kihispania ya kumshukuru, la pili likiwa jina la mazoea linalotokana na neno “mweusi”, ambalo kwao Uruguay watu huitana kwa upendo hata bila kujali rangi ya anayeitwa. Chama cha Soka cha England kilimfungia mechi 3 na kumtoza faini ya pauni 100,000. Akademia ya lugha ya Uruguay ilitoa tamko kupinga, ikisema waliohukumu hawaifahamu lugha waliyoihukumu. Mimi sisemi Cavani alionewa moja kwa moja, maana anayeandikia dunia nzima anasomwa na dunia nzima, na neno likishavuka bahari halimtii tena aliyelitamka. Nasema tu kwamba aliyeandika kwa wema alipata adhabu kamili, na kejeli ya basi zima ikamalizwa kwa radhi. Huko nyuma zaidi, mwaka 2012, Wagiriki walimwondoa mruka miruko mitatu wao, Voula Papachristou, kwenye timu ya Olimpiki ya London kabla hajaruka hata mara moja, kwa sababu ya utani wa mbu na Waafrika alioandika Twitter. Adhabu za namna hii zinategemea nani amekasirika, wapi, na wiki ile kuna habari gani nyingine gazetini.

Mwanamuziki naye hana FIFA. Hana mwamuzi, hana kamati ya nidhamu, hana kadi nyekundu. Ye, anayejulikana zaidi kama Kanye West, alipoandika maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi mwezi Oktoba 2022, kilichomgusa ni Adidas kuvunja naye mkataba tarehe 25 mwezi huo, baada ya wiki kadhaa za kusitasita. Na mwanamuziki akiwa ndiye anayetukanwa, hana hata klabu ya kutoa tamko. Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako aliyekulia Ufaransa na ambaye nyimbo zake za Kifaransa zimevuka mipaka kuliko za wengi wa kizazi chake, alishambuliwa mwezi Machi 2024 kwa sababu tu ilivuma kwamba huenda angeimba katika ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Kikundi cha mrengo mkali wa kulia kilining’iniza bango kando ya mto Seine likimwambia kwamba pale ni Paris na si soko la Bamako, na picha ya bango hilo ikafanya kazi mitandaoni ambayo bango lenyewe lisingeweza kuifanya. Waendesha mashtaka wa Paris walifungua uchunguzi. Yeye mwenyewe aliwajibu mtandaoni, na tarehe 26 Julai akaimba, akisindikizwa na bendi ya walinzi wa Jamhuri. Nilifurahi sana siku ile. Ila nilijiuliza ingekuwaje kama bango lile lingeandikwa kwa Kiswahili, likaning’inizwa kwenye ukurasa wa binti wa Mwanza mwenye wimbo mmoja tu uliopendwa.

Maana hapo, waheshimiwa, ndipo aibu inapokuwa yetu sisi. Kiswahili kinauita uovu huu ubaguzi wa rangi, na rangi tunayo humu ndani. Fungueni maoni chini ya picha ya mwanamuziki yeyote wa kike wa Bongo au wa Nairobi mwenye ngozi nyeusi: ataambiwa usiku haonekani mpaka acheke, ataambiwa kamera imekosa taa, atalinganishwa na sufuria lililopikiwa makande. Akijichubua, wale wale watamwita mkorogo na kumuuliza vidole vyake mbona vimebaki Kigoma. Nami niseme ukweli wangu. Miaka ya nyuma niliwahi kuuchekea utani wa namna hiyo, nikauweka kwenye ukurasa wetu, ukapata vicheko vingi kuliko chapisho lolote la mwezi ule, na nikajiona mjanja. Niliufuta nilipoona dada yangu mwenyewe, ambaye nyumbani tunamwita Tii kwa weusi wake, amepita hapo, ameuona, na hakuandika kitu.

Huwa tunajitetea kwa neno utani. Nawaomba mlielewe neno hili vizuri kwa sababu mtalisikia sana mwaka 2027, na mtalisikia likitumika vibaya. Utani kwetu ni taasisi yenye sheria. Mzaramo na Mnyamwezi wakitaniana, kila mmoja anamjua mwenzake ni nani, kila mmoja ana haki ya kujibu, na mtani anayekukejeli msibani ndiye huyo huyo anayebeba jeneza. Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa sababu kila upande una siku yake ya kuchekwa. Mtu aliyejificha nyuma ya picha ya gari, akamwandikia mgeni asiyemjua kwamba mwanawe anapanda miti, hana jeneza lolote atakalobeba. Kumwita mtani ni kulitia doa neno ambalo wazee wetu walilitumia kuzuia makabila yasipigane.

Narudi kwa wenye mitandao. Kwa miaka kadhaa waliokuwa wakikagua machapisho ya Facebook kwa lugha za eneo hili, Kiswahili kikiwemo, walikaa Nairobi, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama iliyofanya kazi hiyo kwa ajili ya Meta, wenye Facebook. Mwanzoni mwa 2023 Sama ilitangaza kuachana na kazi hiyo, na wakaguzi zaidi ya 180 wakaenda mahakamani wakidai waliachishwa kinyume cha sheria. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Mtandao ambao sasa unaitwa X ulikuwa na ofisi moja tu barani Afrika, ya Accra, na wafanyakazi wake wengi waliachishwa mwezi Novemba 2022, siku chache baada ya kuhamia kwenye jengo lao. Kisha mwezi Januari 2025 Meta ikatangaza kwamba mifumo yake ingejikita kwenye makosa mazito zaidi na kwamba makosa mepesi yangesubiri mtu ayaripoti. Nani amepima uzito? Kwa mizani yenu, swali la Gombe ni jepesi. Kwa mizani ya mtu aliyembeba binti yake mgongoni, ni zito kuliko penalti.

Basi nawaomba wasomaji. Watu, si mashine peke yake. Watu wanaozungumza Kiswahili cha Dar, cha Mombasa, cha Bukavu na Sheng ya Nairobi, pamoja na wenzao wa Lingala, Kiarabu cha Maghreb, Kifaransa, Kiganda na Kihausa, walioajiriwa kwa mkataba wa maana, wakipewa mishahara ya kazi ngumu na mtu wa kuzungumza naye wanapolemewa, kwa sababu nimeifanya kazi hiyo bure kwa miaka na najua inavyokaa kichwani. Waanze miezi kadhaa kabla ya mechi ya kwanza, wakati wa mechi za kufuzu na za ligi, ili wawe wameshajifunza misemo mipya, maana misemo hii hubadilika kila wiki. Wakae karibu na mashindano. Na maamuzi yao yawe na nguvu ya kumfikia mchezaji kabla hajafungua simu, si baada.

FIFA ina huduma yake ya kuwalinda wachezaji mitandaoni, iliyoanza kutumika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 kwa ushirikiano na FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, na ambayo ilieleza baada ya Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 kwamba mchezaji 1 kati ya 5 alielekezewa matusi. Huduma hiyo hutafuta maneno ya matusi na kuyaficha maoni yasiwafikie wachezaji. Ni jambo jema na silidharau. Swali langu kwa TFF, FKF na FUFA ni jepesi mno, na lingejibiwa kwa ukurasa mmoja: je, wachezaji wetu wa timu za taifa, wanaume na wanawake, wameunganishwa? Orodha ya maneno ya Kiswahili yanayotafutwa aliiandika nani, na ilisahihishwa lini mara ya mwisho? Siombi orodha yenyewe itangazwe, maana wahuni wataisoma kabla yetu. Naomba kujua kwamba ipo, na kwamba aliyeiandika amewahi kukaa jukwaani kwa Mkapa, uwanja wetu mkubwa wa Dar.

Kwa nyota wenyewe, wa mpira na wa muziki watakaopanda jukwaani siku ya ufunguzi, CAF inaweza kuandika jambo ndani ya mkataba: kwamba anayeshiriki mashindano haya, kwa miguu au kwa sauti, anawajibika kwa anachokirusha kutoka kwenye simu yake, na adhabu zake zinajulikana mapema kwa namba, si kwa kukadiria hasira za watu. Kanuni za nidhamu za FIFA tayari zinazungumzia mechi zisizopungua 10 kwa mchezaji au kiongozi anayemdhalilisha mtu kwa rangi au asili yake. Iandikwe wazi kwamba basi la timu ni sehemu ya uwanja. Chumba cha hoteli nacho, kamera ikishawashwa. Na panapotokea ubishi wa maana ya neno, awepo mezani mtu wa lugha hiyo, ili tusipate Cavani wetu, wala mkosaji asijifiche nyuma ya msamiati.

Kuhusu polisi na mahakama nina tahadhari. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayotaja waziwazi ubaguzi wa rangi, Kenya ina sheria yake ya 2018 pamoja na ile ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, na Uganda ilikuwa na kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta mwezi Januari 2023 kwa sababu kilikuwa kipana mno. Wananchi wa nchi zote tatu wanajua sheria za namna hii huamka haraka mtu akimsema kiongozi na husinzia mtu akitukanwa rangi yake. Sitaki barua yangu iwe kisingizio cha kumkamata kijana aliyesema uwanja umejengwa vibaya. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho: aliyetukanwa apokelewe, ushahidi wake uhifadhiwe, na mtandao ukiombwa na mahakama utoe jina. Hoja kwamba wanaotukana hawajulikani walipo haina nguvu inayopewa, kwani baada ya fainali ile ya Wembley Twitter yenyewe ilisema kwamba asilimia 99 ya wenye akaunti ilizozifungia walikuwa wanatambulika, na polisi wa Uingereza, katika machapisho 207 waliyoyaona kuwa ya jinai, walipata akaunti 34 za ndani ya nchi yao na 123 za nje. Hizo 123 zilikuwa kwenye nchi za watu wengine, na sina uhakika kama kuna aliyewagongea mlango. Mwaka 2027 sisi ndio tutakaokuwa wenyeji, na zetu zitatoka kila kona ya bara. Makubaliano ya kubadilishana ushahidi kati ya nchi zinazoshiriki hayawezi kuandikwa usiku wa nusu fainali.

Mwisho ni hili la kwangu. Yale maoni 17 bado yako chini ya ile picha ya baba na binti. Nimeyahifadhi kwa picha za skrini zenye tarehe, saa na majina ya akaunti, na tano kati ya akaunti hizo zina sura na jina halisi la mwenyewe, mmoja akiwa amevaa sare ya kazi. Nilizichapisha kwenye karatasi nikazipeleka ofisi moja, nikaelekezwa nyingine, na huko nikaulizwa kama mimi ndiye niliyetukanwa. Nilipojibu hapana, karatasi zangu zilirudishwa. Zipo ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati, na mtoto wa kwenye picha mwakani anaanza darasa la kwanza, umri ambao watoto wa siku hizi tayari wanajua kufungua simu ya baba. Naomba mnijulishe nizipeleke dirisha lipi.

Wasalaam,
Msimamizi wa ukurasa wa mashabiki,
Temeke, Dar es Salaam.